Mwacheni Mhindi Mgeni Apande Daladala

Kampuni nyingi za Dar es Salaam zikimleta mtaalamu kutoka India humwandalia kila kitu kabla hajatua. Chumba kipo Upanga, kwenye fleti ya kampuni. Mpishi yupo. Gari la kumpeleka kazini na kumrudisha lipo, na dereva wake ndiye atakayemnunulia vocha, atamlipia umeme, atamwonyesha duka la dawa. Watu huuona huo ni ukarimu, na kampuni zenyewe hujisifia. Mimi naona ndio unaomharibia mgeni maisha, na sisi tunaofanya naye kazi tunaharibikiwa pamoja naye.

Niko ofisi ya hesabu ya kiwanda kimoja Barabara ya Nyerere, na meza yangu inatazamana na za Wahindi wa mkataba. Wanakuja, wanakaa miaka miwili, wachache wanaongeza, wanaondoka. Wengi wao ukiwauliza Dar ikoje watakueleza kiwanda, fleti, supamaketi na uwanja wa ndege. Wameishi hapa bila kufika hapa.

Tuelewane kwanza ni Mhindi yupi ninayemzungumzia, maana mtaani tunawatia wote kapu moja. Wapo Wahindi wenyeji: Khoja, Bohora, Wabaniani, Wagoa, watu ambao babu zao walifungua maduka mwambao huu kabla ya Mjerumani. Kiswahili chao cha Kisutu kinaweza kukuacha mdomo wazi. Kwao ndiko alikotoka Amir Jamal, waziri wa fedha wa Mwalimu. Kwao pia ndiko kulikouma zaidi mwaka 1971, serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hiyo ni historia nzito, yenye madai na majibu yake, na wenyewe wanaijua.

Huyu wa mkataba hajui hata moja katika hayo, lakini akikatiza mtaani anabebeshwa yote. "Nyie Wahindi mmekaa nchi hii miaka mia na hamtaki kuchanganyika na sisi." Jamani, mtu hata muhuri wa visa haujakauka! Na msidhani Wahindi wenyeji wanampokea kama ndugu. Nairobi wana jina lao la kuwaita hawa wanaoshuka kutoka India, "rocket", na hawalitumii kwa kusifu. Hapa kwetu sijasikia jina, ila macho yanasema. Mgujarati wa kizazi cha tatu Upanga na mhasibu aliyetoka kusini mwa India wanazungumza Kiingereza wakikutana, chakula chao si kimoja, na pengine hata dini si moja.

Mhasibu wetu mkuu wa sasa anatoka Kerala, ule ukanda wa pwani kusini-magharibi mwa India. Lugha yake ni Kimalayalam, na Kihindi ni kile cha darasani. Ni Mkristo, wa jamii inayoamini kwamba Mtume Tomaso mwenyewe alifika pwani yao mwaka 52. Jumapili yuko Mtakatifu Joseph pale Posta, anasali misa. Kazini bado kuna watu wanamtakia heri ya Diwali kila mwaka kwa moyo mkunjufu, na Krismasi wakimpita kimya.

Fleti yao wanakaa wanne: yeye, Mtamil, Mtelugu na Mgujarati. Mgujarati hali nyama, hali samaki, yai pia hapana. Wa Kerala bila samaki hajala. Kwa hiyo kuna sufuria zisizogusana, kuna rafu za friji zilizoandikwa majina, na kuna ugomvi wa kimyakimya kuhusu nani aliyekaangia dagaa kwenye kikaango cha nani. Anayebeba mzigo wote huo ni dada mmoja mwenyeji wa Handeni, ambaye anapika sambar, yaani mchuzi wao wa dengu na mboga, na chapati zao nyembamba zisizo mafuta, anajua haradali ikianza kuruka kwenye mafuta ndipo majani yanatiwa, na hajawahi kuiona India hata kwa picha ya kalenda. Wale wanne wanamtegemea kwa kila tonge. Jina la mtoto wake hawalijui. Mtu mzima, baba wa familia, anaishi kama mwanafunzi wa bweni, tena wenzake wa bweni hakuwachagua yeye.

Familia imebaki kwao. Sehemu kubwa ya mshahara inaingia benki huko huko India, hapa anapewa posho ya kujikimu, na ada ya shule ya kimataifa kwa watoto wawili haiko kwenye mkataba. Mke na watoto anawaona kwenye simu. Sasa angalia saa zinavyomkaba. Kerala wanatutangulia kwa saa mbili na nusu. Gari la kampuni linatoka getini saa kumi na mbili na nusu jioni, kule ni saa tatu usiku. Foleni ya Tazara ikichafuka, Upanga wanashuka saa mbili, kule ni saa nne na nusu na watoto wamelala. Basi kila mmoja anapiga simu akiwa ndani ya gari. Niliomba lifti humo zaidi ya mara moja. Mtamil anamhoji mwanawe juu ya mtihani wa hesabu, Mgujarati anabishana na fundi anayemjengea nyumba, wa Kerala anamwangalia mkewe akikunja nguo. Nje machinga wanapita na korosho, maji baridi, chaja za simu, taulo, ramani ya Afrika. Vioo vimepandishwa kwa sababu ya kiyoyozi. Hakuna anayegeuza shingo.

Siwalaumu. Ningekuwa mimi Kochi, mji wa huko Kerala, na watoto wangu Tabata, ningefanya vilevile. Ninachosema ni kwamba hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yao pekee ya kuuona mji kwa siku, na gari limeifuta.

Nyuma ya geti letu kuna mlonge. Kwetu sisi mlonge ni dawa. Mlinzi huchuma majani, huyaanika juu ya gunia, hutwanga, na nusu ya watu wa kiwandani wanakunywa unga wake wakiamini unashusha presha. Zile ganda ndefu zinazoning'inia hakuna anayeshughulika nazo. Siku moja mtandao ulikata ofisini, mhasibu akatoka nje kutafuta simu ishike, akainua uso, akaziona ganda. Kusini mwa India hizo ni mboga. Zinakatwa urefu wa kidole, zinatumbukizwa kwenye sambar, ukila unafyonza nyama yake laini na nyuzi unazitema. Alimwendea mlinzi kwa Kiingereza na mikono, mlinzi akadhani mzee wa watu ana presha, akamfungia majani kwenye gazeti. Walichukua muda kuelewana. Mwishowe alipewa ngazi.

Wiki iliyofuata akaja na hotipoti, akamkuta mlinzi kivulini, wakala wote. Mlinzi alifyonza, akatema, akafikiri, akasema: "Kwa ugali inakwenda."

Tangu hapo mchana haendi tena na wenzake kwenye chumba cha wageni kula vilivyotoka fletini. Anakuja benchi la mama lishe. Alianza na wali na maharage ya nazi, si kwa kukwepa nyama ya ng'ombe, maana watu wa Kerala wengi wanaila, yeye akiwamo. Siku mama alipopika muhogo wa nazi na samaki, akaweka kijiko chini. Kwao muhogo na mchuzi wa samaki wenye pilipili ni chakula cha watu wa kawaida kabisa. Akaomba pilipili, akapewa. Akaomba tena. Mama akamwambia, "Mwanangu, utaumwa tumbo, bosi wako aje anifukuze hapa." Tulipomtafsiria alicheka mpaka akashika nguzo. Sasa anamwita mama, na mama humwekea kichwa cha samaki kabla hatujafika.

Msidhani haya ni mambo ya tumbo peke yake. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa na tofauti kati ya vitabu na stoo. Barua pepe zilikuwa zinaruka, zenye wino mwekundu, nakala kwa mkurugenzi, na mtunza stoo akizisoma anaona anaitwa mwizi kwa Kiingereza. Ni kwenye lile benchi mtunza stoo alipomweleza kwamba mzigo unaopakiwa zamu ya usiku huandikwa kesho yake asubuhi, kwa hiyo wa tarehe ya mwisho wa mwezi unaangukia mwezi mpya. Jambo la dakika tano. Lilikuwa limekaa kati yetu karibu mwaka, kwa sababu aliyelijua na aliyelihitaji hawakuwahi kula pamoja.

Pesa za simu nazo zina kisa chao. Kwao tangu 2016 wana UPI: unaelekeza kamera kwenye kibao cha muuza chai, fedha inatoka benki yako inaingia yake, hakuna makato. Sisi pesa za simu tunazo tangu 2008, tuliwatangulia, lakini kila hatua ina tozo yake. Alipoanza kulipa mwenyewe ilimchukua muda kuelewa kwa nini mtu akimwomba shilingi elfu kumi anaongeza "na ya kutolea". Akiwa na dereva wa kumfanyia yote, angeondoka bila kujua kwamba mtu uliyemtumia bila ya kutolea anakuona bahili.

Najua kwa nini kampuni zinawafungia. Siku ya kwanza mgeni hupewa somo: usitembee jioni, usipande bodaboda, usile barabarani, simu usiitoe. Somo lenyewe hutolewa na mtu ambaye naye aliletwa kwa gari hilo hilo na alipewa somo hilo hilo. Vibaka wapo, siwezi kusema hawapo. Simu zinakwapuliwa na wenye pikipiki Posta na Upanga, na zetu zinakwapuliwa pia. Bei nayo wanapandishiwa: bajaji imeundwa India, anaijua kuliko anayeiendesha, na bado ataambiwa bei ambayo mimi ningeitukana. Mtu hujifunza hayo kwa kuumia mara mbili tatu, kama kila aliyehamia Dar kutoka Mwanza au Mbeya.

Lipo jingine ambalo wenzangu hunirushia, na wana haki. Wapo wanaoletwa kufanya kazi ambayo Mtanzania mwenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu, angeifanya usingizini, kwa mshahara ambao huyo Mtanzania hataupata. Hilo ni kweli na linakera. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa urithishaji, yaani ujuzi wa mgeni uhamie kwa raia kabla kibali chake hakijafikia mwisho. Kwenye karatasi kila mtaalamu ana Mtanzania anayemfundisha. Ila anamfundisha saa ngapi? Asubuhi analetwa na gari, mchana analetewa hotipoti, jioni anabebwa. Afisa kazi akija anaonyeshwa jedwali zuri. Ninayeandika haya ni mmoja wa majina kwenye jedwali kama hilo, na nilichojifunza kwa wahasibu wakuu waliotangulia ni kusoma barua pepe zao. Huyu wa sasa ndiye wa kwanza aliyeketi nami akanionyesha anavyofikiri, na ilianza kwenye benchi.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni ya kawaida tu. Gari na dereva mwezi wa kwanza, basi; baada ya hapo apande daladala kama sisi. Fedha ya nyumba apewe mkononi, atafute mwenyewe Kinondoni, Tabata, Mbezi, popote moyo wake utakapopenda. Kampuni imsaidie kwenye kodi ya mbele, maana wenye nyumba wetu wa kudai miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo watamtoa roho. Apelekwe kozi ya Kiswahili TATAKI, taasisi ya Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa muda wa kazi, si Jumamosi aliyochoka. Na wanakuja wengi zaidi kuliko wahasibu: tangu 2023 IIT Madras, kimoja cha vyuo vya teknolojia vya India viitwavyo IIT, ina kampasi Zanzibar, ya kwanza ya IIT kuwa nje ya India, na ina walimu waliotoka huko. Sitapenda kusikia kwamba na wao wameishi visiwani kwa miaka wakijua njia ya feri tu.

Vijana wetu walioko Muscat na Dubai wakirudi wanatusimulia maisha ya kambi na basi la kampuni, na tunawahurumia sana. Kambi ya Upanga ina lifti na jenereta. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona.

Afisa wetu wa rasilimali watu nimeshamwambia haya. Jibu lake ni kwamba fleti moja ya watu wanne ni nafuu kuliko kodi nne. Inawezekana. Lakini ajumlishe na mafuta, na matengenezo ya gari, na mshahara wa dereva, na ile tofauti ya stoo tuliyoilipia wakaguzi watutafutie. Mimi ni mhasibu, kikokotoo ninacho, na Ijumaa mchana nina nafasi.