Matetemeko na Visima: Tuulize Maji Yanakwenda Wapi

Hapa Nakuru, vikombe vikigongana kabatini usiku, macho ya wengi huelekea volkano ya Menengai, kunakochimbwa visima vya mvuke wa kuzalisha umeme tangu 2011, na kukipambazuka hakosekani wa kusema kwamba wachimbaji wameiamsha ardhi. Lawama hiyo ina ndugu yake mkubwa ng'ambo, ambako watu wamebishana kwa zaidi ya muongo mmoja iwapo kupasua miamba kwa maji yenye shinikizo kubwa, ili mafuta na gesi vipate njia ya kutoka, husababisha matetemeko. Wanajiolojia wamejibu kwamba kupasua kwenyewe huchangia kidogo, na kwamba mkosaji mkubwa ni maji machafu yanayozikwa ardhini baadaye. Jibu hilo limepokewa kama hila ya wakili anayemtetea tajiri. Naamini limeeleweka vibaya, kwa sababu ukilifuata hadi mwisho halimwondolei mchimbaji mzigo hata kidogo, linamwongezea.

Tuanze na Oklahoma, Marekani. Kabla ya 2009 jimbo hilo lilipata kwa wastani tetemeko moja au mawili kwa mwaka ya ukubwa wa 3 kwenda juu. Mwaka 2015 yalipita 900, na Septemba 2016 mji wa Pawnee ukatikiswa na tetemeko la 5.8. Sehemu kubwa ya maji yaliyozikwa huko haikuwa hata maji ya kupasulia miamba, bali maji ya chumvi yaliyokaa pamoja na mafuta tangu enzi na kupanda nayo juu. Hayanyweki wala hayamwagiki shambani, kwa hiyo yalirudishwa chini, kwenye tabaka lililo karibu na miamba ya msingi yenye nyufa za kale. Mamlaka zilipoagiza yapunguzwe, matetemeko nayo yakapungua mwaka hadi mwaka.

Jinsi inavyotokea inaonekana hata jikoni. Suuza bilauri kwa maji moto, uifudikize juu ya meza iliyolowa, nayo huteleza yenyewe bila kusukumwa, kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani hupanuka na kuupunguzia mdomo wake uzito unaoukandamiza mezani. Ufa wa ardhini nao umeshikwa hivyo hivyo na uzito wa miamba pande zake mbili. Maji yakijipenyeza humo kwa shinikizo, mshiko hulegea, na nguvu iliyokuwa imejilimbikiza tangu zamani hupata nafasi ya kuponyoka.

Maji hayo, hata hivyo, hayana haraka, na hapa ndipo wengi hupotea. Karibu na Denver, kiwanda cha silaha za kemikali cha jeshi la Marekani kilianza mwaka 1962 kumimina maji taka kwenye kisima chenye kina cha zaidi ya mita 3,600. Matetemeko yalianza muda mfupi baadaye, na Februari 1966 umiminaji ukasitishwa. Tetemeko kubwa kuliko yote, lililokaribia 5, lilikuja Agosti 1967. Pampu ilikuwa imezimwa kwa mwaka mmoja na nusu, lakini shinikizo liliendelea kusafiri ndani ya miamba kama unyevu unavyopanda ukutani. Anayelinganisha tarehe ya kuchimba na tarehe ya tetemeko, asipoona zikikutana akatangaza kwamba kisima hakina hatia, atakuwa amehukumu kabla shahidi hajafika.

Wanaoshikilia kwamba kupasua peke yake kunatosha wana ushahidi wao pia, nao si wa kupuuzwa. Karibu na Blackpool, Uingereza, kazi hiyo ilizusha tetemeko la 2.3 mwaka 2011, na nyingine ikazusha la 2.9 mwaka 2019, hata serikali ikaisimamisha. Alberta nchini Kanada na Sichuan nchini China zimeona makubwa zaidi.

Lakini mfano unaotugusa sisi ni Pohang, Korea Kusini, ambako hawakutafuta mafuta wala gesi bali joto la ardhi, kama tunavyolitafuta sisi. Miamba ilikuwa mikavu, wakaisukumia maji ili ifunguke, na miezi miwili hivi baada ya kusukuma mara ya mwisho, Novemba 2017, tetemeko lililozidi 5 likajeruhi makumi ya watu. Menengai na Olkaria, eneo jingine la visima vya mvuke karibu na Naivasha, hutegemea nyufa za asili zenye maji na mvuke tayari, na maji yanayorudishwa chini Olkaria huingia mahali ambapo mvuke umekwisha kutolewa. Tofauti hiyo ni kubwa, na haki ya wahandisi wetu ni kuisema waziwazi.

Isitoshe, ardhi hii haikungoja mchimbaji. Januari 6, 1928, Subukia, si mbali na hapa Nakuru, ilipigwa na tetemeko la 6.9, ambalo nguvu yake ni takriban mara milioni moja ya lile la Blackpool la 2019, na hapakuwa na kisima cha mvuke popote nchini. Nyufa zetu zilikuwa na mzigo wake tayari, na kwa sababu hiyo hiyo hazifai kufanyiwa majaribio ya maji bila hesabu. Mkazi wa Bahati au Solai anayeamshwa na mtikisiko anastahili kuonyeshwa kila kisima kimepokea maji kiasi gani na kwa shinikizo gani, si kwa wiki hiyo tu, bali kwa miaka miwili iliyotangulia.