Soksi ya Krimu Si Nyeupe, Mzazi

Mwenzenu nimeshindwa na soksi. Kodi ya nyumba nahangaika nayo mpaka inalipika, wanaonidai nawakwepa kwa heshima, mkwe akija namkirimu. Lakini soksi moja nyeupe ya mtoto wa darasa la nne imenikalisha kitako, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye ukingo wa kitanda, nimeishika ile iliyobaki kama mjane aliyeshika picha ya marehemu.

Nani anazichukua? Mimi nafua mbili, naanika mbili, naanua moja. Nimeinua magodoro. Nimevuta kabati nikakuta kijiko tulichomtuhumu nacho shangazi. Paka nimemhoji. Soksi hakuna.

Siku hiyo nikapata akili. Dada yake naye alikuwa na soksi iliyofiwa na mwenzake. Nikazioza zile mbili, mimi ndiye mshenga, mimi ndiye shahidi. Mtoto akaziangalia, akaniangalia mimi. "Baba, hii ni krimu." Nikamwambia hiyo ni nyeupe iliyokomaa, vaa twende. Akavaa kwa kununa. Ishikeni hapo hiyo soksi, nitairudia.

Barua ya shule kuhusu sare ina kurasa nne. Barua ya masomo atakayosoma mwaka mzima ilikuwa ukurasa mmoja, na nusu yake mhuri. Kwenye zile nne nimeambiwa kwamba soksi zifike chini ya goti kwa vidole viwili. Vidole vya nani? Haijasema. Mimi vidole vyangu ni kama ndizi mbichi, mke wangu ana vidole vya kupigia kinanda, soksi hiyo hiyo kwangu imevunja sheria na kwake imefaulu. Viatu viwe vyeusi, vya kamba, visivyong'aa sana wala kufifia. Nywele za mvulana zisishikike, yaani mwalimu wa zamu akijaribu kuzibana kwa vidole aambulie ngozi. Sketi ya msichana ifunike goti akiwa amesimama, amekaa na amepiga magoti. Nimesoma mkataba wa nyumba usio na masharti mengi hivyo, na ule ulikuwa na kifungu cha mbwa.

Halafu wanakwambia sare inampunguzia mzazi gharama. Inampunguzia wapi? Mtoto ana sare ya darasani, ya michezo, sweta lenye nembo, tai, viatu vyeusi, raba nyeupe. Na bado lazima awe na nguo za nyumbani, maana Jumamosi hatembei uchi. Ilikuwa kabati moja, sasa ni mawili, na mimi nina shati lile lile nililopigia picha ya kipaimara cha mpwa wangu.

Ndiyo maana sketi ya binti yangu nilinunua kubwa. Kila mzazi anaijua hesabu hii: unamnunulia mtoto nguo ya yule atakayekuwa miaka mitatu ijayo, huyu wa sasa anamshikia nafasi. Fundi cherehani akakunja upindo mpana kama mkono. Mwaka wa kwanza alionekana kama amevaa pazia. Kila anaporefuka tunafumua kidogo, na pale upindo ulipokuwa panabaki mstari wa rangi ya mwanzo, buluu kali, chini ya buluu iliyochoka na jua na sabuni. Sasa ina mistari mitatu. Huna haja ya kumuuliza yuko darasa la ngapi, mhesabie mistari kama unavyohesabu umri wa mti uliokatwa. Mwalimu alipouona mstari wa tatu aliandika kwenye daftari: "Sketi imepauka." Nikataka kumjibu, mwalimu, hata mimi.

Na nembo! Sweta ni lile lile, uzi ule ule, lakini lisilo na nembo ni kosa, na lenye nembo linapatikana kwa mtu mmoja tu duniani. Nembo yenyewe ina kitabu, mwenge na ndege. Aliyeishona hajawahi kuona ndege. Mimi kwa miaka miwili nilidhani ni kandambili, nikajiuliza shule hii ina falsafa gani.

Usiku mmoja nilipokosa usingizi nikaanza kusoma sare zilitoka wapi, nimpate mtu wa kumlaumu. Nikarudi nyuma mpaka London, mwaka 1552, shule inayoitwa Christ's Hospital, iliyofunguliwa kwa ajili ya watoto wa maskini. Wakavishwa koti refu la buluu, kwa sababu rangi hiyo ilikuwa rahisi, na soksi ndefu za njano. Wanafunzi wa shule hiyo mpaka leo wanavaa karibu vile vile. Nikapiga hesabu nikiwa kitandani: zaidi ya miaka 450 ya soksi za njano. Zimepotea ngapi? Ziko wapi? Inasimuliwa kwamba ile njano iliwekwa kufukuza panya. Sawa, hapo angalau soksi imepewa kazi. Ya kwangu kazi yake ni kunifukuza mimi.

Kilichonikereketa si panya. Ni kwamba kumbe hii nguo ilianza kama sadaka. Mtoto wa maskini hana nguo, basi avishwe. Baadaye shule za matajiri nazo zikajipamba kwa makoti na tai, sare ikawa fahari. Leo imezunguka weee, imerudi kwa yule yule maskini, ila safari hii analetewa orodha akanunue. Mwaka 2018 shule moja ya msingi ya serikali pale Ginza, Tokyo, ilileta sare iliyobuniwa na Armani, wale wa mavazi ya kifahari ya Italia, seti nzima ikapita yen 80,000. Ya msingi, jamani! Wale wenye gundi kwenye nyusi na kalamu inayovuja mfukoni. Wazazi wakapiga kelele, na mimi huku nikawasaidia kupiga. Uingereza wenyewe, waliotuanzishia, mwaka 2021 wametunga sheria kuhusu gharama za sare, na mwongozo wake unazitaka shule zipunguze nguo zenye nembo. Nimeuweka kwenye simu. Sijapata ujasiri wa kumwonyesha mkuu wa shule, lakini nikiwa peke yangu naufungua nasoma, moyo unatulia.

Ukigusa gharama watahamia kwenye nidhamu. Sare inaleta nidhamu. Marekani walisema hivyo pia: Long Beach, California, mwaka 1994 waliwavalisha sare watoto wa shule zote za msingi na za kati, wakatangaza kwamba makosa shuleni yamepungua, na Januari 1996 Rais Bill Clinton akaipigia debe sare mbele ya bunge zima. Mwaka 1998 watafiti wawili, David Brunsma na Kerry Ann Rockquemore, wakapekua takwimu za wanafunzi wa nchi nzima, wakasema hawaoni kwamba sare yenyewe inapunguza utoro wala utundu wala dawa za kulevya. Wangenipigia mimi simu ningewaambia bure. Siku mwanangu alipomtia chura kwenye mkoba wa mwalimu alikuwa amevaa sare kamili, shati limechomekwa, tai imenyooka. Soksi zote mbili. Nadhani ndiyo sababu hawakumshuku mapema.

Sasa nisiwe mnafiki. Kuna siku shule iliwaruhusu kuja na nguo za nyumbani. Binti yangu alianza kujiandaa usiku wa kuamkia jana yake. Kitanda kikajaa nguo, kiti kikajaa, mlango ukatundikwa nguo, na yeye katikati analia kwamba hana nguo. Mdogo wake akataka kwenda amevaa joho la buibui la kuchezea, la yule mtu anayepanda ukuta. Jioni yake nililikuta sweta lenye kandambili limekunjwa kwenye rafu, nikalibusu. Mke wangu aliniona. Hatujalizungumza.

Binti mwenyewe sasa amefika umri wa kusoma sheria. Ameletewa kosa la hereni, akanikalisha sebuleni kunisomea kesi. Kwamba Desemba 1965 huko Des Moines, Iowa, msichana wa miaka 13, Mary Beth Tinker, na wenzake walikwenda shule wamefunga vitambaa vyeusi mikononi kupinga vita vya Vietnam, wakafukuzwa kwa muda, wakashtaki, na mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa ushindi, majaji saba kwa wawili. "Baba, mwanafunzi haachi haki zake getini." Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza, wale walikuwa wanapinga vita, hereni yako inapinga nini? Akafikiri. "Inapinga marufuku ya hereni." Nikakosa jibu, nikasingizia nakwenda kuzima taa ya nje. Ilikuwa mchana.

Ila kuna mambo nikiyasoma naacha kucheka. Japani kulikuwa na shule za serikali zinazodai kila nywele iwe nyeusi, hata ya aliyezaliwa na nywele za kahawia. Msichana mmoja wa Osaka aliambiwa azipake rangi mara kwa mara hadi kichwa kikamuuma, mwaka 2017 akaenda mahakamani. Tokyo wakaja kuziondoa sheria za namna hiyo kwenye sekondari zao za juu mwaka 2022, pamoja na ile ya rangi ya chupi. Someni tena. Chupi. Yaani kulikuwa na mtu mzima, mwenye shahada na mkoba wa ngozi, aliyekaa kwenye kikao akaandika sheria ya rangi ya chupi ya mtoto wa watu, na aliyekaa jirani yake akasema naunga mkono hoja. Mimi huwa nawaza aliyetumwa kukagua alirudi vipi nyumbani akamtazama mama yake.

Ninaowapenda mimi ni wale wavulana wa Exeter, Uingereza. Juni 2017 joto limepanda, wakaomba waruhusiwe kaptula. Wakakataliwa, kaptula haimo kwenye sare. Kitu gani kimo? Suruali na sketi. Kesho yake wakaja na sketi, siku iliyofuata wakafika kama thelathini, wengine wameazima za dada zao. Hawakuvunja hata nukta moja ya barua. Shule ikaahidi kaptula kwa mwaka uliofuata. Natamani kuwapa mikono mmoja mmoja.

Basi, ile soksi.

Saa mbili na robo simu ikaita. Sauti ya upole, ile ya mtu anayekupa habari za msiba. "Mzazi, tuna changamoto kidogo ya soksi." Nikasema ni nyeupe ile. Akasema, "Mzazi, krimu si nyeupe." Nikamweleza kwamba ilizaliwa nyeupe, ni maisha tu. Akasema mtoto amekaa nje ya darasa, nimletee iliyo sahihi, au nije tuzungumze.

Fikirini. Mtoto anakosa hesabu za sehemu, somo ambalo mimi mwenyewe lilinishinda, kwa sababu mguu wake wa kushoto ni mweupe kuliko wa kulia. Na wote wawili wako ndani ya kiatu na chini ya suruali! Ili kuiona ile krimu lazima mtu aliinama, akapandisha suruali, akalinganisha. Nina hakika waliitana wawili watatu wakaipeleka dirishani kwenye mwanga.

Nilikuwa nafua. Nikaacha beseni, nikakimbia dukani nikanunua soksi mpya, jozi, nyeupe ya kuumiza macho, nikadandia usafiri, nikashuka nikikimbia. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nimeipanga njiani kwa sauti mpaka abiria wa jirani akahama kiti: nitaanzia 1552, nitapita Long Beach, nitamalizia na ule mwongozo wa Uingereza ulioko kwenye simu.

Getini mlinzi akanisimamisha kwa kiganja. Akanitazama kuanzia juu, akashuka taratibu, akaishia magotini. Akanionyesha tangazo lililobandikwa ukutani, limewekewa plastiki lisilowe: Mavazi ya Wazazi na Wageni. Namba tatu: kaptula hairuhusiwi.

"Mzee, nimeleta soksi tu."

"Naona. Lakini ndani kwa hivyo huingii, mzazi."

Yeye mwenyewe sare yake ilikosa kifungo cha katikati, na sweta limechomoka uzi kiwikoni. Nikafikiria kumwambia. Nikamwonea huruma, huenda naye ana barua yake ya kurasa nne. Nikawakumbuka wavulana wa Exeter, ila dada wa kuniazima sketi hakuwa karibu.

Akachukua zile soksi apeleke ndani, akaniambia nisubiri pale kwenye benchi la waliochelewa. Nikakaa. Pembeni yangu alikuwa kijana wa darasa la pili hivi, miguu haigusi chini, ameshika tai iliyokatika mpira. Akanichunguza kwa muda mrefu. Akasogea, akaninong'oneza:

"Na wewe wamekutoa?"

"Wamenitoa."

"Soksi?"

"Kaptula."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mpigie simu baba yako akuletee suruali."