Rolakosta ikigoma kule juu, kabla hujawatukana mafundi

Kila mara inasambaa klipu ya rolakosta, ile treni ya kuchezea inayopanda na kushuka kwa kasi, imeganda katikati ya mlima wa reli yake, abiria wanashushwa mmoja mmoja kwenye ngazi, na komenti ni zilezile: mbovu hiyo, haifanyiwi sevisi, wanakula hela za watu tu. Mi naona mara nyingi tunaitukana mashine kwa kosa la kufanya kazi yake.

Reli ile imegawanywa vipande, na sheria ni kipande kimoja treni moja basi. Sensa zinahesabu iliyoingia na iliyotoka, sasa kama ya mbele haijatoka kompyuta inaizuia ya nyuma, ama kwenye breki ama inazima mnyororo unaoipandisha. Ule mlio wa ka-ka-ka mkiwa mnapanda ni chuma kinachoangukia kwenye meno ya reli, ili treni isirudi kinyumenyume hata mnyororo ukikatika. Na breki zake nyingi zinatumia upepo kuachia, sio kukamata. Dereva wa semi trela hii anaijua bila kufundishwa, upepo ukiisha gari haikimbii, inagoma palepale.

Haya, wanaolalamika nao wana hoja. Tiketi ni ghali, umekaa foleni saa nzima na watoto wanalia njaa, halafu sensa moja imekosea hesabu kitu kizima kinalala. Kumshusha mtu mwenye hofu ya urefu kwa ngazi sio mchezo pia. Na kubwa zaidi, stopu za bure, yaani treni kuzuiwa bila sababu, zikizidi fundi anazoea, alamu inakuwa kama mbwa wa jirani anayebweka kila usiku, siku ya mwizi hakuna anayeamka. Hapo nakubali kabisa.

Ila ndo hapohapo nakumbuka Smiler, ile rolakosta inayokupindua kichwa chini mara 14 kule Alton Towers, bustani ya michezo ya Uingereza. Tarehe 2 Juni 2015 ilisumbua, mafundi wakaitwa, na siku hiyo ilikuwa imeongezwa treni ya tano. Upepo ulikuwa mkali, treni tupu ya majaribio ikakosa nguvu ya kumaliza mzunguko ikabaki imekwama huko chini. Kompyuta ikaona, ikaisimamisha treni yenye watu 16 kwenye mlima. Yaani hadi hapo kila kitu kiko sawa! Watu wamekaa tu, labda wananuna, labda kuna anayetaka arudishiwe hela yake. Mafundi wakaamini reli ina treni nne, wakaona kompyuta imekosea, wakaipita stopu na kuiachia treni ishuke. Ikaenda ikagonga ile tupu. Watano waliumia vibaya, wasichana wawili wakakatwa mguu mmoja mmoja, na kuwatoa wote pale kulichukua masaa zaidi ya manne.

Wachunguzi wa serikali hawakukuta kasoro kwenye reli wala kwenye treni wala kwenye mfumo wa kompyuta. Kampuni iliyokuwa inaiendesha, Merlin, ilipigwa faini ya pauni milioni 5 mwaka 2016, na lawama zikawekwa kwa mwajiri, sio kwa fundi mmoja mmoja, maana hakukuwa na utaratibu wa maana wa nani anaruhusiwa kuipita stopu na anahakikishaje kwanza. Mi hiyo treni ya tano ndo inanisumbua kila nikirudia kesi hii. Mashine ilijua zipo tano, binadamu wakahesabu nne, na aliyepewa neno la mwisho ni aliyekosea.

Mtu atasema basi punguzeni stopu za bure ili fundi aiamini alamu, na ni kweli zipunguzwe. Ila foleni inayopiga kelele kule chini nayo ni presha kwa mwenye kitufe, na ile foleni ni sisi. Siku hizi nikiona klipu ya treni imeganda mlimani sihesabu dakika walizokaa, natafuta kama kuna mtu anatembea kwa miguu kuikagua reli kabla haijaachiwa.