Eti wa chuo tunakaa tu

Jamani leo naomba niongee maana hili jambo limenikaa kooni kama mwiba wa sato toka Jumapili. Nina mjomba wangu yuko Singida, amestaafu ualimu, ana kuku zake na kamashine ka kukamua alizeti, simu anayo kubwa na bando lake la mwezi haliishagi, sasa huyu mzee akiniona tu nipo hewani ananipigia. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba, uko wapi?" "Niko geto mjomba." "Aah, nyie wa chuo raha kweli, mnakaaga tu."

Mnakaaga tu!

Na yeye chuo alisoma, miaka ya 80 huko, serikali inalipa kila kitu mpaka sahani ya wali inakusubiri mezani, hiyo habari ya kuchangia gharama imekuja miaka ya 90 yeye yuko zake kazini anachapa watoto wa watu viboko. Kwa hiyo kwenye kichwa chake chuo ni mahali unakula, unasoma kidogo, jioni unacheza bao. Ukimwambia mjomba siku hizi tunafanya na kazi anacheka, anasema kazi gani ya kukaa kwenye kibanda.

Sasa mimi nasoma uhasibu, mwaka wa pili, chuo sikitaji maana bado nataka kumaliza. Jumatano usiku niko kibandani kwetu hapa Mbezi, mi ni wakala, natoa na kuweka hela za simu, mvua inanyesha wateja hakuna, nikachukua daftari la miamala nikageuza nyuma nikasema leo namfungia mjomba hesabu zangu, akitaka nampigia na picha.

Wiki ina masaa 168, hapo hatubishani. Nalala masaa sita, mara saba, 42 yameenda. Halafu masomo. Wengi hamjui ila krediti moja kwenye shahada zetu hapa Bongo inahesabiwa masaa 10, humo wameshindilia lekcha, semina, kujisomea, asaimenti, mpaka paper yenyewe ya mwisho. Mwaka mmoja ni krediti 120, semista 60, kwa hiyo ni masaa 600, gawanya kwa wiki 15 unapata masaa 40 kila wiki. Hiyo ni ajira kamili ndugu zangu, tofauti ni kwamba mwajiriwa mwisho wa mwezi simu ikilia ni mshahara, mimi ikilia ni kontrol namba, ile namba ya kulipia ada.

Kibandani naingia saa kumi na moja jioni natoka saa nne usiku, siku sita, hayo 30. Daladala kutoka Mbezi mpaka Mawasiliano na kurudi, ukiweka na kusubiri na kugombania dirisha, masaa matatu kwa siku, siku tano, 15. Kupika, kula, kuoga, kufua, masaa mawili kila siku, 14. Nikajumlisha, nikatoa.

Yamebaki 27.

Nikarudia. 27. Nikachukua kalkuleta ya bosi ile yenye tepu nyuma, 27 vilevile. Yaani karibu masaa manne kila siku ya Mungu, bure, yangu, na mimi sijawahi kuyaona! Mjomba kashinda kwenye karatasi. Nikakaa pale naangalia mvua kama mtu aliyeibiwa halafu anaambiwa hela si iko kwenye vitabu. CAG, yule mkaguzi wa hesabu za serikali, akija kwangu leo napewa hati yenye shaka.

Basi nikaanza kuyatafuta, maana nilikuwa sina lingine la kufanya isipokuwa lile test la Ijumaa.

Jumatatu nina kipindi saa mbili asubuhi kinaisha saa nne. Kinachofuata saa nane mchana. Hapo katikati kuna masaa manne mazuri kabisa, ukiyaona kwenye ratiba unatamani kuyakumbatia. Sasa nyie niambieni mtu anayekaa Mbezi masaa manne hayo anayapeleka wapi, nikirudi geto naenda saa nzima na nusu, nafika nasalimia mlango, narudi. Kwa hiyo nakaa kimbweta, vile viti vya nje vya chuo. Jua linakufuata, unahama nalo kama mjusi. Unafungua desa, yaani notsi, usome, anakuja mshkaji, "mwanangu hiki kitu umekielewa?" hujakielewa, mnaanza kutoelewa wawili. Simu ina chaji asilimia sita, maktaba soketi inayofanya kazi ni moja na imeshikwa na jamaa ana ekstensheni na kwenye ekstensheni kuna foleni. Kulala kwenye kimbweta nimejaribu, ni zege lile, ukiamka mgongo una ramani. Saa nane kasoro tano mnaingia darasani mnapigania viti vya nyuma, saa nane na kumi CR, kiongozi wa darasa, anatuma kwenye grupu la wasapu: "Habari za mchana wapendwa, mwalimu amepata dharura, kipindi kitafidiwa Jumamosi saa tatu." Wapendwa!! Masaa manne nimeyachoma jua kusubiri kitu ambacho hakijaja na bado nimekatwa Jumamosi kama riba.

Ndo nikagundua muda wangu wa bure uko kama chenji ya daladala. Mia hapa, mia hamsini pale, nyingine konda kakwambia utachukua mbele halafu mbele hapafiki. Ukizijumlisha ni hela, ila huwezi kwenda nazo sokoni kununua kilo ya mchele maana hazijawahi kukutana mfukoni siku moja. Dakika 40 za kusubiri fotokopi, dakika 25 foleni ya kusaini sijui fomu gani, nusu saa gari limejaa unasubiri lingine, hayo ndo mapumziko yangu, nimepumzika nimesimama.

Na konda naye tusimsahau. Ukimwambia mi mwanafunzi anakuangalia toka kichwani mpaka kwenye ndala, "sare iko wapi?" Kwa konda mimi ni mtu mzima nilipe nauli kamili, kwa mjomba mimi ni mtoto ninayekaa tu. Sijui hawa wawili hawawezi kukaa kikao wakakubaliana.

Halafu asaimenti za grupu. Tuko kumi. Wa kwanza hana bando, wa pili simu yake ilidondoka majini, wa tatu anasema "mimi nitaprinti" na huyo tumwogope maana atafika siku ya kukusanya anauliza hela ya kuprinti nani anayo. Tulikubaliana tukutane Alhamisi saa saba, wa pili kufika alikuja saa nane na nusu na alikuja kuaga. Wanne hata sura siwajui ila majina yao nayajua kwa ukamilifu, la kwanza, la kati na la ukoo, maana kwenye kava peji ndo wanakuwaga wakali, jina likikosewa herufi moja anakupigia usiku.

Kuna watu wananiambia lakini si kibandani unapata muda wa kusoma. Hata bosi wangu, mmama mmoja mkarimu sana kwa maneno, alinichukulia hapo hapo, "baba kazi yenyewe nyepesi, utakuwa unajisomea." Jana nimefungua desa, sentensi ya kwanza inasema uchakavu wa mali ni. "Kaka nitolee elfu tano." Nikamtolea. Uchakavu wa mali ni mgawanyo. "Una chenji ya elfu kumi?" Sina. Uchakavu wa mali ni mgawanyo wa. Akaja mmama mwingine mkono kichwani, katuma laki kwa namba siyo, alikuwa anamtumia fundi bati hela kaikosea tarakimu moja, ananiambia mwanangu irudishe, kama vile mimi ndo nimeificha chini ya kaunta. Tukapiga huduma kwa wateja, mziki ukapigwa mpaka nikaujua, nikamshikia simu, nikamtafutia na kiti, nikampa na maji yangu. Saa nne usiku nafunga, uchakavu wa mali bado uko mstari wa kwanza na kama kuna mali imechakaa hapo ni mimi.

Mtu ataniuliza kwa nini usiache kazi. Niache nile nini? Wenye bumu, ule mkopo wa wanafunzi, la chakula na malazi wanahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, kula na kulala, hapa hapa Dar, na linakuja kwa mafungu, kwa hiyo wiki ya kwanza unamkuta jamaa ana chipsi kuku na kachumbari pembeni, anaita hadi wapita njia, wiki za mwisho anakuuliza ukoko mnautupaga wapi. Mimi nilipata la ada tu, tena siyo yote. Kibanda ndo bumu langu.

Sasa Jumapili. Jumapili bosi hafungui, anaenda kanisani na mimi nabaki na siku. Wiki iliyopita nilijipanga, asubuhi nikafua, nikapika maharage mengi ya mpaka Jumanne, saa nane mchana nikawa nimemaliza kila kitu. Saa nane mpaka saa kumi na moja. Masaa matatu yameungana, hayajakatika katikati! Nikafunga mlango, nikashusha pazia, nikajilaza chali. Sikutaka mpira, sikutaka muvi, nilitaka niangalie dari tu, basi, ile ya kuangalia dari mpaka unaona doa la maji lina umbo la kondoo. Nikaliona doa. Dakika saba hizo nilikuwa mfalme.

"Maji yametokaaa!"

Nyumba nzima kumi na mbili tuna bomba moja, na toka Alhamisi lilikuwa linakohoa hewa tu. Nikatoka na ndoo zangu tatu na boksa, nikakuta niko wa tisa. Nikaweka ndoo zangu kwenye mstari nikarudi ndani nikasema zitafika zenyewe. Nimejilaza tu, simu. Mjomba.

"Mjomba shikamoo."

"Marahaba mjomba, mko salama? Sasa mjomba, hapa kuna mdogo wako anataka kuomba chuo, nimeambiwa huko stesheneri wanachaji elfu kumi kumjazia, nikasema wanini, si tuna mtu wetu huko yuko tu. Mjazie hapo mara moja."

Hapo mara moja. Nikachukua simu nyingine ile ya kibandani, nikaingia kwenye mtandao wa maombi, unazunguka. Ukafunguka nusu. Nikauliza namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Nasikia mjomba anaita kwa sauti ya kituo cha mabasi, kuku wanakimbia, dogo anakuja, "shikamoo kaka," "marahaba, namba yako ya form foo?" Haikumbuki. "Cheti kiko wapi?" Kiko kwa mama. "Mama yuko wapi?" Kaenda kwenye msiba. Kijiji gani, ametaja, mjomba anasema siyo huko, dogo anasema ni huko, wanabishana kwa bando la mjomba na muda wangu. Akatafutwa kijana wa bodaboda akafuate ufunguo wa kabati. Mimi nimekaa kitandani simu mbili masikioni kama kituo cha redio.

Saa kumi kasoro cheti kikapatikana. Dogo ananisomea tarakimu, anasoma sifuri kama O, namrekebisha, nikaingiza, imekataa, kumbe mwaka ameruka. Tukarudia. Imekubali! Jina, tumejaza. Tarehe ya kuzaliwa, mjomba na dogo wakabishana tena, nikawaambia jamani ya kwenye cheti tu. Barua pepe hana, nikamfungulia, nenosiri lazima liwe na herufi kubwa na alama, mjomba anauliza alama ya nini, ya mtihani? Chaguo la kwanza, dogo anasema "kaka nichagulie tu wewe yenye raha." Nikanyamaza kidogo hapo. Nikachagua uhasibu.

Nikabonyeza kutuma. Ikazunguka, ikazunguka, nikaacha hata kupumua ili mtandao upite. Ukurasa ukageuka mweupe ukaniandikia kizungu kwamba muda wangu umeisha nianze upya.

"Vipi mjomba, tayari?"

"Bado mjomba, imegoma."

"Aah basi, utajaribu kesho, we si upo tu."

Saa kumi na moja kasoro kumi. Nikaliangalia doa la kondoo, nikasema dakika kumi nazo ni dakika, nikainua miguu nikaiweka kitandani, hata haijafika vizuri nasikia mama mwenye nyumba anapiga dirisha kwa mwiko.

"Wewe msomi! Ndoo yako imejaa inamwaga maji huku, si ungekaa nayo hapa bombani, kwani leo una kazi gani?"