Kaboni ya Hoyle na hoja ambayo waumini hawaitumii

Mjadala wa sayansi na Mungu kwetu huanzia karibu kila mara kwenye mwanzo wa ulimwengu. Mhubiri hufungua Mwanzo 1:1. Sheikh husoma aya ya 47 ya Sura Adh-Dhaariyaat, inayotaja kutanuliwa kwa mbingu. Wote wawili huhitimisha kwamba wanasayansi wameshaukubali Mlipuko Mkuu, kwa hiyo kesi imekwisha. Kijana aliyesoma fizikia atawajibu kwamba huyo ni Mungu wa kuzibia mapengo: tusichokijua tunamtwika Yeye, tukishakijua tunamsogeza nyuma. Mabishano huishia hapo, na kila mtu huondoka na alichokuja nacho.

Naamini waumini wana hoja bora kuliko hiyo, ila haisikiki kwa sababu wenyewe wameng'ang'ania iliyo dhaifu. Kuhusu udhaifu wake, shahidi mzuri ni padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, ndiye aliyechapisha mwaka 1927 hesabu za ulimwengu unaotanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulimwengu ulianza kama atomu moja ya awali. Novemba 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili, akihutubia Akademia ya Sayansi ya Kipapa, alizungumza kana kwamba sayansi imeshuhudia lile neno la "iwe nuru". Lemaître hakupendezwa. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia hiyo haigusi swali la dini, na asiyeamini ana uhuru wote wa kuipokea. Nadhani alikuwa sahihi. Ukizirudisha nyuma hesabu za Einstein za mvutano, zinazoeleza kutanuka huko, unafika mahali zinapovunjika zenyewe, na kilichoko ng'ambo ya hapo kinaweza kabisa kuwa fizikia ambayo bado haijaandikwa.

Hoja yenye uzito, kwamba namba za maumbile zinaonekana kupangwa ili uhai uwezekane, iko ndani ya nyota, si kwenye dakika ya kwanza ya ulimwengu.

Kaboni yote iliyomo katika damu yetu, katika ugali na katika mkaa unaoupikia ilitengenezwa humo. Njia yake ni nyembamba mno. Viini viwili vya heliamu, yaani vitovu vya atomu zake, hugongana na kuunda beriliamu, ambayo huvunjika kabla hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde haijapita. Ndani ya muda huo kiini cha tatu cha heliamu lazima kiifikie. Kwa hesabu za kawaida kaboni inayopatikana hivyo ni kidogo sana, wala haifanani na kiasi tunachokiona ulimwenguni.

Mapema mwaka 1953 mwanaastronomia Mwingereza Fred Hoyle alikwenda Caltech, chuo kikuu cha sayansi huko California, akiwa na dai ambalo wenyeji wake waliliona la ajabu: kiini cha kaboni lazima kina ngazi ya nishati, yaani kiwango maalumu ambacho viini vinavyogongana vikikifikia huungana kwa urahisi zaidi, ambayo vipimo vya wakati huo havikuwa vimeithibitisha, na ngazi hiyo iko karibu na 7.7, kwa kipimo cha MeV ambacho wanafizikia hupimia nishati ya viini. William Fowler, mwenye uzoefu mkubwa wa maabara, alikuwa na mashaka. Ward Whaling na wenzake walipima, na ngazi ikaonekana pale alipoielekeza. Leo thamani yake inajulikana kuwa 7.65.

Namba hiyo nimekaa nayo muda mrefu. Nishati ya beriliamu na heliamu zikiwa pamoja ni takriban 7.37. Ngazi ya kaboni iko juu yake kidogo tu, na joto la nyota, kama nyuzi milioni 100, linatosha kuifidia tofauti hiyo. Kwa hiyo kaboni huundwa kwa wingi. Lakini ikishaundwa inakabiliwa na hatari nyingine: ikipokea heliamu moja zaidi inageuka oksijeni. Nishati ya kaboni na heliamu pamoja ni 7.16. Oksijeni nayo ina ngazi ya 7.12. Iko chini, kwa 0.04 tu. Joto huongeza nishati, halipunguzi, kwa hiyo nyota haiwezi kushuka hadi kwenye ngazi hiyo. Ingekuwa juu kidogo ya 7.16 badala ya chini, kaboni nyingi ingeishia kuwa oksijeni. Ngazi moja imekaa juu kidogo ya mstari wake na nyingine chini kidogo ya wake, na kwa sababu hiyo tumepata kaboni na oksijeni kwa viwango vinavyokaribiana, nasi hatuwezi kuishi bila zote mbili.

Wapinzani wana majibu, na baadhi yanastahili kukubaliwa mara moja. Mwanahistoria wa sayansi Helge Kragh ameonyesha kwamba mwaka 1953 Hoyle alikuwa akitafuta maelezo ya wingi wa kaboni, na habari ya uhai ilifungamanishwa na ugunduzi huo miaka mingi baadaye. Pia hesabu za mwaka 1989 zilionyesha kwamba ukiisogeza ile ngazi ya 7.65 kwa kama 0.06, kaboni haipungui sana. Anayetangaza jukwaani kwamba hata unywele mmoja ungeharibu kila kitu anazidisha chumvi.

Ila ngazi hiyo haikai peke yake. Inatokana na nguvu inayoshikilia kiini na ile ya umeme inayokisukuma kivunjike. Mwaka 2000 Heinz Oberhummer na wenzake walizibadilisha nguvu zenyewe katika hesabu za nyota. Ukiigusa nguvu ya nyuklia kwa nusu asilimia, au ya umeme kwa asilimia 4, kaboni au oksijeni hupungua kati ya mara 30 na mara 1,000. Hapo ndipo lile shtaka la mapengo linaponishinda kulielewa. Kabla ya mwaka 1953 hakuna mtu angeweza kuitoa hoja hii, kwa kuwa hatukujua. Tumeijua kwa kupima, na vipimo vilipoongezeka hoja ilirekebishwa, lakini haikuondoka.

Jibu jingine husema tusishangae: kama namba zisingekuwa hivi tusingekuwepo kuuliza. Mwanafalsafa John Leslie alilijibu kwa mfano wa mtu aliyesimamishwa mbele ya kikosi cha wapiga risasi hodari, wote wakafyatua, na wote wakamkosa. Ni kweli kwamba angekuwa amekufa asingeshangaa. Bado ana haki ya kuuliza kwa nini wote wamekosa.

Jibu zito zaidi ni la ulimwengu nyingi: zikiwepo zisizohesabika, zenye namba tofauti, lazima mojawapo ifae uhai. Wazo hili lisidharauliwe. Mwaka 1987 Steven Weinberg, ambaye hakuamini Mungu, alitumia fikra ya aina hiyo kuhusu nishati ya anga tupu, ambayo makadirio ya nadharia huizidi ile halisi mara nyingi kiasi cha namba yenye takriban tarakimu 120. Alisema lazima iwe ndogo kiasi cha kuruhusu galaksi kuundwa, lakini si lazima iwe sifuri. Mwaka 1998 vipimo vya nyota zinazolipuka vilionyesha kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi, na thamani iliyopatikana iliangukia ndani ya mipaka yake. Hiyo ndiyo karata kubwa ya upande ule. Tatizo ni kwamba ulimwengu hizo nyingine hatujaziona, na chochote kinachozizalisha lazima kiwe na kanuni zake, nazo zitaulizwa swali lile lile.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni la uwezekano. Tunaposema "ilikuwa vigumu kutokea" tunadhani namba hizi zingeweza kuwa nyingine, na tunajua ndani ya mipaka ipi. Hatujui. Tuna ulimwengu mmoja tu wa kupima. Kwa sababu hiyo siwezi kuuita huu uthibitisho. Nauita ushahidi unaoelemea upande mmoja, na mashahidi wa aina ya Hoyle wananiongezea imani nao. Huyu alikuwa mpinzani wa wazi wa dini, na Mlipuko Mkuu aliukataa mpaka alipofariki mwaka 2001. Hata hivyo mwaka 1981 aliandika kwamba ukizisoma namba hizi kwa akili ya kawaida zinaashiria akili kuu iliyoingilia fizikia, kemia na baiolojia. Hakuwa na sababu yoyote ya kulitamani hitimisho hilo.

Akili hiyo ya Hoyle haijasema lolote kuhusu sala, dhambi au kiyama, na anayetaka kufika huko kwa 7.65 peke yake hatafika. Mhubiri au sheikh anayeitumia sayansi aiseme mipaka hiyo mwenyewe, pamoja na pingamizi la uwezekano, mbele ya vijana wale wale ambao watalikuta kwenye simu zao jioni ya siku hiyo.