Usinilishie Mtoto Jukwaani

Kuna ujumbe wa sauti umezunguka wiki hii kwenye kundi letu la WhatsApp, sisi washereheshaji na wafanya mazingaombwe wa hapa Dodoma. Mwenzetu analalamika. Eti Jumamosi kaharibiwa onyesho kwenye bethdei moja pale Ilazo, na bibi "asiyejua burudani". Anasema tangu Serikali ihamie huku wazazi wa mji huu wamekuwa wazungu: mtoto haguswi, mtoto halishwi, mtoto ana aleji. Kamalizia kwa kicheko kirefu, na kundi zima likamjibu kwa vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Bahati mbaya kwake, nilikuwepo. Siku hiyo nilikuwa mgeni kama wageni wengine, nimekaa nyuma ya hema nasubiri pilau. Nilimwona akimwita mbele binti wa miaka sita hivi. Akamwonesha sanduku, tupu. Akalifunga, akalizungusha, akalifungua: kashata ya karanga. Mkono wake mwepesi, hilo simnyimi. Halafu akatamka maneno ambayo karibu wote kwenye kazi hii tunayatamka: "Haya kula tuone kama ni ya kweli!" Watoto wakadaka: "Ale! Ale! Ale!" Yule binti hakulia wala hakusema neno. Aligeuka tu, macho yakawa yanatafuta upande wa watu wazima. Bibi yake akainuka, akavuka mkeka na viatu vyake, akaitoa ile kashata mkononi mwa mjukuu, akaifunga kwenye pindo la khanga na kurudi kukaa. Mwenzetu, kipaza sauti mdomoni: "Kumbe bibi naye anataka kashata!" Hema likacheka.

Utetezi wake ndio huo huo wa siku zote: mbona hakuna kilichotokea? Hakikutokea kwa sababu mwanamke mzima mwenye magoti mabovu aliwahi. Angekuwa nyuma ya nyumba anageuza nyama, tungekuwa tunaongea mengine.

Najua kwa nini watu wa huku hawaamini. Tuko kwenye nchi ya karanga. Mlenda una karanga, mboga ya majani ina karanga, uji wa mtoto una karanga, stendi unauziwa karanga kabla hujauziwa tiketi. Mtu aliyekulia Kongwa au Mpwapwa ukimwambia karanga inaweza kumziba mtoto koo anakutazama kama umemtukania mama yake. Mzio, yaani hiyo aleji, ni ugonjwa wa watu wenye friji, ndivyo tunavyofikiri. Lakini karanga haiulizi kama una friji. Kwa mtoto mwenye mzio nayo, kipande kidogo kinatosha: midomo inavimba, vipele vinatoka mwili mzima, anatapika, kifua kinabana, presha inashuka. Mara nyingi huanza ndani ya dakika chache, wakati mwingine baada ya saa moja au mbili, ambapo wewe mwenye kofia umeshalipwa na uko kwenye bodaboda unarudi Nkuhungu.

Na si karanga peke yake. Marekani sheria ya lebo inataja vyakula 9: maziwa, mayai, samaki, kamba na jamii yake, korosho na jamii yake, karanga, ngano, soya, na ufuta ulioanza kudaiwa kwenye lebo mwaka 2023. Uingereza wanataja 14. Sasa chukua sinia la bethdei ya Dodoma uhesabu mwenyewe. Kashata ya mtaani imefungwa kwenye kipande cha nailoni, haina lebo ya kusomwa na mtu yeyote.

Hoja ninayosikia kila mara ni hii: "Keki ipo, maandazi yapo, juisi ipo, kwa nini mimi wa mazingaombwe ndiye nisumbuliwe?" Nitaijibu taratibu, maana hapa ndipo wenzangu wanapoteleza.

Chakula cha mezani kina mwenyewe. Mama anasimama pale, anamchotea mwanawe, anamuuliza mwenye sherehe hiki kimewekwa nini. Mtoto mwenye mzio amefundishwa nyumbani, na amefundishwa kwa jasho: usipokee kitu, usionje cha mwenzako, njoo unioneshe kwanza. Kumfundisha hivyo mtoto wa miaka mitano katikati ya mtaa ambao kila jirani anaita "njoo ule" ni kazi ya kila siku. Mama huyo ameshaitwa mchoyo. Ameshaambiwa anamdekeza mtoto, ameshaambiwa mtoto ana pepo. Ameshawahi kukuta shangazi mtu amemlambisha mtoto kwa siri ili "azoee". Pamoja na hayo yote mtoto amejifunza kusema: "Asante, sili."

Halafu unakuja wewe. Una koti linalometameta, una muziki, umemchagua yeye kati ya watoto wote, na kwa robo saa umemzoesha kufanya kila unachosema: simama hapa, funga macho, puliza, sema neno la ajabu. Amefuata yote na amepigiwa makofi kwa kila moja. Kisha kwenye mfululizo ule ule, kwa sauti ile ile, unamwambia kula. Unategemea aseme hapana wapi? Mtu mzima mwenyewe akiitwa mbele ya harusi na MC hukata kiuno asichotaka kukata. Mtoto aliyezungukwa na wenzake wanaoimba "ale!" hana mlango wa kutokea. Na mama yake hayupo mkono wa pili, yuko mita ishirini kwenye kiti cha plastiki, anaona mgongo tu, wala hajui kitakachotoka sandukuni. Asijue ndiyo kazi yako! Kazi yetu nzima imejengwa juu ya mtu kutojua kinachokuja. Kwa sarafu ni burudani. Kwa kitu kinachoingia tumboni mwa mtoto wa mtu, siri hiyo huna haki nayo.

Tena hata asipodhurika siku hiyo, umemfundisha kwamba ile sheria ya mama ina mwanya, kwamba mtu mwenye kipaza sauti anaweza kuifuta. Mama atarudi nyumbani kuanza upya.

"Basi tutauliza." Sawa, ulizeni. Ila muulize nani? Mwenye sherehe anawajua wanawe. Wale wengine wamekuja na dada wa kazi, wamekuja na kaka zao, wengine wamesikia muziki wakaingia getini. Hajui nani hali mayai, na hawezi kujua. Kuuliza jukwaani ndiyo mbaya kabisa. Nimeshaona mtu anasimama: "Nani ana aleji anyooshe mkono?" Wadogo wote wananyoosha, maana wadogo hunyoosha mkono kwa lolote. Wakubwa wenye shida ya kweli wanauficha, kwa sababu hakuna mtoto anayetaka kuwa yule mgonjwa mbele ya darasa lake. Na akijitokeza, unamfanyaje? Unamwambia akae pembeni wenzake wapewe? Bora ungekaa kwenu.

Ndiyo maana msimamo wangu umekuwa mkali kuliko wa wenzangu wengi: chakula kitoke kabisa kwenye onyesho la watoto. Sisemi kipunguzwe au kitolewe kwa uangalifu. Kitoke. Kikitoka, hakuna wa kuulizwa, hakuna wa kukaa pembeni, na bibi anabaki kwenye kiti chake.

Nakubali, shingo upande, kwamba pipi ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kutuliza watoto waliokunywa soda tangu asubuhi. Nakubali pia kwamba sisi tuliosoma shule za msingi za zamani, siku jamaa wa mazingaombwe akija mnalipa kiingilio mnajazana darasani, tulichokikumbuka ni pipi iliyotoka kwenye karatasi tupu. Tamu haisahauliki. Lakini jamaa yule alitutolea pipi kwa sababu hakuwa na kingine, na wewe una duka la vifaa vya shule kila kona.

Kuna msomi mmoja kundini aliyetuma andiko la wataalamu kuonesha kwamba "hao wazungu wenyewe wamesema watoto walishwe karanga mapema". Kweli wamesema. Utafiti uliotangazwa mwaka 2015, uliofanyika London kwa watoto wachanga 640 waliokuwa kwenye hatari kubwa, ulionesha kuwa walioanza kulishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache mno walipofika miaka mitano, kuliko waliozuiwa. Nzuri sana, na huenda uji wetu wa karanga unafanya kazi hiyo bila kusifiwa. Ila soma mpaka mwisho, ndugu yangu. Walianza wakiwa na miezi 4 hadi 11, walipimwa ngozi kwanza, na wale ambao ngozi ilijibu kwa nguvu waliwekwa kando. Hakuna popote palipoandikwa kwamba mtoto wa miaka sita ambaye tayari ana mzio alishwe kashata na mwanamume mwenye kofia.

Na likitokea? Hapa utani unaniisha. Vidonge vya kuwashwa vinatuliza vipele, koo linaloziba haviliwahi. Dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Mtoto alazwe chali, miguu iinuliwe, asitembezwe, na kama anahangaika kupumua aachwe akae. Wengine hukimbilia kumnywesha maziwa, kana kwamba kila kilichomdhuru mtoto ni sumu, na hapo omba Mungu asiwe na mzio wa maziwa vilevile. Familia zenye sindano nyumbani ni chache, kwa hiyo dawa yako ni gari. Kutoka Nala au Ihumwa mpaka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa si mwendo wa kumbeba mtoto asiyepumua kwenye bajaji huku unatafuta chenji.

Mawili matatu kwa haraka. Maputo ya mpira yana watu wake wa mzio pia, hivyo kwenye simu na mwenye sherehe uliza na hilo. Ukitoka kula karanga usiende kuchomoa sarafu sikioni mwa mtoto kabla hujanawa kwa maji na sabuni. Sanitaiza haiondoi mabaki ya karanga. Ule mchezo wa mfuko na yai, tumia yai la mbao, halivunjiki wala halinuki. Mchezo wa maziwa kwenye gazeti, siri yake siisemi hapa, ila wewe unayeujua unajua pia kwamba si lazima yawe maziwa.

Na kama mwenye sherehe anang'ang'ania pipi, ampe mzazi mwenyewe, getini, wakati wa kuondoka, zikiwa kwenye maganda yake. Mimi sandukuni mwangu natoa penseli, stika, vifutio vya rangi. Watoto wanapiga kelele zile zile. Wasiwasi wangu ulikuwa kwamba wataguna, lakini penseli iliyotoka pasipokuwa na penseli mtoto anaenda nayo shuleni Jumatatu, inaoneshwa darasa zima, na simu yangu inaita.

Mama mmoja wa Area D aliniuliza kama bila pipi bei inashuka. Haishuki, dada yangu. Penseli ni ghali kuliko pipi.