Citation 500: Kasi Ndogo Ilikuwa Kasoro?

Kampuni ya ndege ya Cessna ilipoirusha jeti yake ndogo ya abiria, Citation 500, kwa mara ya kwanza, Septemba 1969, jeti pinzani ya Learjet ilikuwa imeshawazoesha matajiri wa Marekani kasi ya kilomita 800 kwa saa na zaidi. Mgeni huyu aliishia 650 hivi, na marubani wakatania kwamba hatari yake kubwa ni kugongwa na kunguru kutoka nyuma. Kejeli hiyo ina ukweli wake: anayenunua jeti hununua muda, na katika safari ya kilomita 2,000 Citation huachwa kwa zaidi ya nusu saa.

Lakini mkurugenzi anayekwenda kukagua kiwanda kilicho umbali wa kilomita 500 hukaa angani dakika 46 badala ya 38. Tofauti ni dakika nane tu, ambazo foleni ya magari kutoka uwanja mkubwa wa ndege humeza bila shida, na kwa dakika hizo nane Cessna ilipata karibu kila kitu kingine. Bawa pana lililonyooka liliiwezesha ndege kukaribia kutua kwa kasi ya kilomita 200 hivi kwa saa, ikatumia viwanja vidogo vilivyo jirani na hicho kiwanda, na rubani aliyezoea ndege za rafadha akabaki na nafasi ya kusahihisha kosa lake, jambo ambalo Learjet za awali hazikusifika nalo. Injini zake mbili za JT15D, zilizofungwa ubavuni nyuma ya kabini, zilipitisha hewa nyingi nje ya kiini cha injini bila kuichoma pamoja na mafuta, hivyo zikapunguza kelele na ulaji wa mafuta.

Pingamizi zito zaidi, kwa maoni yangu, halihusu kasi. Mwaka 1977 toleo la Citation liitwalo I/SP liliruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, na ni halali kuuliza nani atamsaidia mtu huyo akikumbana na dhoruba usiku huku redio ikimwita. Hata hivyo, ruhusa hiyo isingefikirika kwa ndege yenye haraka zaidi ya akili ya anayeiongoza. Waliotaka mbio walitengenezewa Citation X, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1993 na kufikia zaidi ya asilimia 90 ya kasi ya sauti. Nayo ilidai marubani wawili na njia ndefu zaidi ya kurukia.